Mbwa Aliyezoea Kupishwa

Kwa zaidi ya miaka miwili nilitembea katika mji wa Isiolo bila kumgusa mtu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojivunia. Asubuhi, kati ya nyumba yangu na kibanda changu cha miraa, kuna akina mama wa maziwa ya ngamia na jerikeni zao, mikokoteni, wanawake wa Ngaremara wenye magunia ya makaa, mbuzi, pikipiki, na watu waliosimama tu njiani kwa sababu wamekutana. Mimi sioni. Lakini nikiwa nimeshika mpini wa mbwa wangu nilipita katikati ya hayo yote kama mtu anayepita ndani ya nyumba tupu. Hakuna bega lililonigusa wala mguu ulionikanyaga. Nikifika kibandani nilimpa mbwa chembe tatu za chakula chake, nikamsifu, na mimi mwenyewe nikajisifu kidogo moyoni.

Mtu wa kwanza tuliyemgonga alikuwa kipofu kama mimi.

Sikuzaliwa hivi. Nilishuka Isiolo kutoka milima ya Meru nikiwa kijana wa darasa la nane, nikauza miraa, nikaoa, nikakaa. Macho yaliondoka polepole, kuanzia pembeni kuja kati. Ilikuwa presha ya macho, na nilipofika hospitali nilikuwa tayari ninaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Baadaye hata tundu likaziba. Biashara sikuiacha. Miraa naijua kwa vidole. Najua ya jana na ya leo, najua iliyokauka kabla mteja hajalalamika, na kufunga vibunda kwa majani ya mgomba hakuhitaji macho. Kilichonishinda ni njia. Kwa miaka sita mke wangu alinipeleka asubuhi na kunirudisha jioni, mkono wangu ukiwa begani mwake. Alikuwa mfupi, na bega lake lilikuwa mahali hasa mkono wangu ulipopataka.

Kisha moyo wake ukaanza kuvimba. Daktari alimwambia asitembee mbali, asibebe kitu, alale miguu ikiwa juu ya mto. Jioni miguu yake ilijaa maji, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Ni yeye aliyesikia habari za mbwa wa kuongoza. Alizisikia kanisani kwa mgeni aliyesema kuna mahali Nairobi wanawafundisha, na wanawatafutia watu kama mimi. Nilikataa. Kwetu mbwa ni wa kulala nje na kubweka. Na hapa Isiolo zaidi ya nusu ya majirani zangu ni Waislamu, mate ya mbwa yakiwagusa inabidi waoshe mara saba. Nilimwambia, "Unataka nitembee na kitu ambacho mji wote unakikimbia?"

Akasema, "Mimi nataka utembee."

Aliniandama karibu mwaka mzima, nikakubali ili anyamaze. Huo ndio ukweli.

Mbwa aliletwa na mwalimu wake, mwanamke mwenye sauti ya chini na maneno machache. Alikaa nasi majuma matatu. Alinifundisha kushika mpini mgumu uliofungwa kwenye mkanda wa kifua cha mbwa, kusikia kwa mkono anapokata kona, kusema "mbele", "kushoto", "ngoja". Kazi ya mbwa, alisema, ni kuona kizuizi na kukizunguka: kiwe gunia, kiwe shimo, kiwe mtu. Mke wangu naye akapewa masharti yake.

"Mama, wewe usimwite akiwa kazini. Usimlishe. Na usiwatangulie njiani, maana atakufuata wewe na ataacha kufanya kazi."

"Nimesikia," mke wangu akasema.

Siku za kwanza vijana wa miraa walinitania. "Mzee, huyo ni bibi wa pili?" "Mzee, mbwa wako anatafuna ya kiwango gani?" Nikacheka nao. Baada ya mwezi wakazoea.

Tabia mbaya ilikuja mapema, na ya kwanza ilikuwa kosa langu. Njia yangu inapita mbele ya bucha nne zilizofuatana. Mbwa akaanza kuvuta pale, pua chini, akitafuta mifupa. Mara moja alinisimamisha katikati ya barabara akitafuna kitu, na lori likapiga honi karibu na sikio langu mpaka nikasikia joto lake. Nilimpigia mwalimu simu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, nyumbani unampa chakula cha mezani?"

Nilikuwa ninampa. Chapati, mahindi ya githeri, ngozi ya kuku. Nilikuwa ninamshukuru kwa njia ninayoijua. Nilikana, halafu nikaona haya nikampigia tena nikakubali. Hakunigombeza. Aliniambia mbwa hana ubaya moyoni. Kilichomfaa jana atakijaribu tena leo, basi. Nikome kumlisha mezani. Akivuta pale buchani nisimame palepale, nirudi nyuma hatua tano, tuanze upya, na akipita pua juu nimsifu na nimpe chembe yake hapohapo, si baadaye. Na nisimpige, kwa sababu mbwa aliyepigwa anamwangalia aliyempiga badala ya kuangalia njia. Tulifanya hivyo majuma mawili. Wenye bucha walinicheka, mzee mzima anaenda mbele na nyuma kama gari lililokwama, lakini tabia ikaisha. Tangu hapo nilijiona mtu anayejua kurekebisha mbwa.

Ratiba yetu ya asubuhi ilikuwa hivi. Mke wangu alinipa chai, akaniaga kutoka chumbani, "Nenda salama, mzee wangu, mimi najilaza." Nilimpeleka mbwa nyuma ya nyumba ajisaidie, nikampiga brashi, nikamvika mkanda. Halafu tukatoka. Mbwa alitembea kwa furaha, mkia ukinigonga mguuni, bila kusita hata mara moja. Nikifika kibandani nilimpigia mke wangu simu. "Nimefika."

"Asante Mungu," alisema. Alikuwa anahema. Nilimuuliza mbona anahema, akasema alikuwa anafagia. Nilimgombeza kwa kufagia.

Kuna siku moja nilipompigia lori lilipita likapiga honi, na honi ile niliisikia kwenye masikio yote mawili: sikio la barabarani na sikio la simu. Nilisikia wazi kabisa. Nikajiambia Isiolo malori ni mengi. Mtu akishajivunia kitu, masikio yake hayamsaidii tena.

Alifariki mwaka jana. Tulimzika nyumbani kwetu milimani, kwenye shamba la baba yangu, udongo mwekundu ambao sikuuona lakini nilioushika. Baada ya majuma mawili nilirudi Isiolo, kwa sababu huko juu kila mtu alinishika mkono na sikuweza kupumua.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, mbwa alikataa kutoka getini. Nilisema "mbele". Akakaa chini. Nikasema tena. Akakaa. Nilijua la kufanya, au nilifikiri najua. Nilimkaripia, nikaivuta kamba, nikamrudisha hatua tano, tukaanza upya. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Siku ya saba au ya nane akatoka, polepole, mkia chini. Nikampa chembe zake tatu na kumwambia, "Umeona? Ukaidi haukusaidii."

Nitaomba msomaji aliweke hilo akilini. Mimi siwezi kulitoa.

Tukaendelea hivyo miezi minane. Njia ilikuwa tupu kama zamani. Niliona kitu kimoja tu, kwamba nilipokaribia watu mazungumzo yalikatika, na nilipopita yakaanza tena nyuma yangu. Nilidhani ni heshima kwa mfiwa. Mchana nilikula kibandani, jioni nilirudi, na nyumbani nilikaa bila kuwasha redio.

Asubuhi ya ajali tulikuwa tumewafikia akina mama wa maziwa. Mbwa alikuwa anakwenda mwendo wake wa kawaida, moja kwa moja, mpini umetulia mkononi mwangu. Kisha mpini ukagota kama umegonga ukuta. Nikasikia fimbo ikianguka, mtu akiguna, na uzito wake ukashuka chini mbele ya miguu yangu. Nilijikwaa kwake nikapiga magoti.

"Wewe!" sauti ya mzee ilisema kutoka chini. "Huna macho?"

"Sina, mzee wangu," nikasema. "Ni kweli sina."

Akapapasa chini akitafuta fimbo yake. "Basi tuko wawili. Na ni nani amenilamba mkono?"

"Ni mbwa."

"Mbwa! Astaghfirullah. Mbwa anafanya nini hapa?"

"Ananiongoza."

"Amekuongoza wapi? Kwangu?"

Kama si mkono wake wa pili ningecheka. Lakini alijaribu kuinuka akauegemea mkono huo, na mlio alioutoa haukuwa wa mtu anayetania. Wanawake walikuja mbio. Mmoja wao nilimjua kwa sauti. Aliniuzia maziwa kila siku na alikuwa rafiki wa mke wangu. Alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja.

"Abba hajaambiwa! Amekuja juzi tu kutoka Kulamawe, hakuna mtu alimwambia!"

"Ni baba yako?"

"Ni baba yangu. Haoni. Hakuna mtu alimwambia!"

"Kuambiwa nini?" nikauliza.

Kelele zote zilizokuwa pale zikakatika kama mtu amefunga mlango. Nilijua wamenizunguka watu kumi au ishirini, na hakuna aliyenijibu. Wakamwinua mzee wakampakia kwenye tuktuk kwenda hospitali. Mimi nikabaki. Hapo nilimpiga mbwa kwa ncha ya kamba, mara mbili. Hakulia. Alijilaza tu chini kwenye vumbi.

Mchana nilimfungia mbwa nyumbani, nikachukua fimbo, nikaenda nyumbani kwa yule mama wa maziwa kuomba msamaha. Nilifika nimechubuka viganja vyote viwili. Mwenye maziwa alinikalisha kwenye mkeka akanipa chai ya rangi. Mzee alikuwa hapo, mfupa wa kiganja umepasuka, mkono umefungwa plasta. Alinijulisha mwenyewe kwamba mkono ule mwingine, uliolambwa, ameuosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo, na sasa ndio mkono safi zaidi Isiolo nzima.

Nikamgeukia binti yake. "Asubuhi ulisema hakuambiwa. Watu wengine waliambiwa nini?"

"Baba, kunywa chai."

"Dada yangu, niambie."

Alisogea karibu nami. Kisha akasema, "Ni mama. Mke wako. Alikuwa anakutangulia."

Sikuelewa. Nilisema mke wangu alikuwa analala asubuhi. Alikuwa mgonjwa wa moyo.

"Kila siku," akasema. "Ukiwa nyuma ya nyumba na huyo mbwa, yeye anatoka. Anatembea mbele yako, pengine hatua ishirini. Ndara ameshika mkononi usisikie. Alikuja kwetu kwanza, akaenda kwa watu wa mikokoteni, kwa bodaboda, kwa wale wa makaa. Alituambia, mkimwona mzee wangu mpisheni, na tafadhali msimwambie, anaona fahari kutembea mwenyewe. Kila siku anapita anatupungia mkono hivi, tunatoa jerikeni, tunashuka mtaroni. Ukishafika kwako anakaa pale nyuma ya duka la magurudumu mpaka umpigie simu. Halafu anarudi. Kurudi ndio ilikuwa inamsumbua. Alipumzika kwangu mara tatu nne."

"Mpaka lini?"

"Mpaka juma lile alipelekwa hospitali."

Nilikiweka kikombe chini. Nilikuwa nasikia maji. Kila mchana ule wa uhai wake niliporudi kula, mke wangu alikuwa na miguu ndani ya beseni, na mimi nilisikia akiisugua. Nilidhani ni kwa ajili ya uvimbe. Alikuwa anatoa vumbi la barabara.

"Na alipokufa?" nikauliza.

"Alipokufa tulisema tutaachaje? Tulikuwa tumemwahidi." Akasita. "Na baba, nisikudanganye, mbwa ni mbwa. Wengine wetu tungehama tu bila kuambiwa na mtu."

Mzee alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimefika mahali pengine kabisa. Nilikuwa getini, asubuhi ile ya kwanza baada ya mazishi. Mbwa amekaa chini, hataki kwenda, nami namvuta kamba. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anamngoja. Kwa siku saba nilimkaripia mnyama kwa kumngoja mke wangu, ilhali mimi mwenyewe sikujua kwamba kuna wa kungojwa.

Nilikasirika pia, na sitalificha. Nilimkasirikia marehemu. Nilitembea nyumbani nikimwambia kwa sauti, watu wakinisikia, "Kwa nini? Nani alikutuma?" Daktari alimwambia apumzike, naye akatembea miguu mitupu kunifagilia njia, kisha jioni akakaa kunisikiliza nikijisifu. Sikuweza kujua kama alikufa kwa sababu ya hatua zile. Bado sijui. Nilimuuliza daktari baadaye, akasema moyo ule ulikuwa umechoka kwa vyovyote vile. Labda ni kweli, labda alinionea huruma.

Nilimpigia simu mwalimu wa mbwa nikamweleza yote, pamoja na kumpiga. 

"Mzee," akasema, "mbwa aliyemwangusha mtu siwezi kumwacha hivyohivyo. Nakuja. Nisipoona mabadiliko kwa juma moja, nitarudi naye."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bila mbwa ningerudi kukaa ndani, au kwenda milimani kushikwa mkono na kila mtu. Na kulikuwa na jambo jingine: yule mbwa ndiye aliyemwona mke wangu siku zake za mwisho. Mimi sikumwona.

Mwalimu alifika, akatembea nyuma yangu asubuhi moja bila kusema neno. Tulipofika kibandani alisema, "Hakwepi mtu hata mmoja. Magunia anazunguka vizuri, mashimo vizuri, mikokoteni vizuri. Watu anawaendea moja kwa moja na kungoja wahame. Na wanahama. Kila wakimpisha ni kama wamempa chembe mkononi. Amepewa chembe hiyo mara mia kwa siku kwa miaka miwili."

"Tufanye kama pale buchani?"

"Ndiyo. Kurudi hatua tano na kuanza upya. Lakini buchani nilihitaji wewe tu. Hapa nahitaji watu wasiohama."

Hilo lilionekana dogo mpaka tulipojaribu. Nilisimama mbele ya akina mama wa maziwa na watu wa mikokoteni, nikavua kofia. Nilisema najua kuhusu mke wangu. Nilisema asanteni. Kisha nikasema naomba msinipishe tena.

Mwenye maziwa akasema, "Baba, tulimwahidi. Ukimwahidi mtu halafu akafa, unamwambia nani umebadilisha?"

"Niambieni mimi. Hasira yake iwe juu yangu."

Wakakubali kwa shingo upande. Siku hiyo mtu mmoja wa mkokoteni, mwanaume mkubwa kwa sauti yake, alisimama katikati ya njia. Tulienda. Nikasikia pumzi yake, kisha viatu vyake vikiruka, kisha kicheko cha mji mzima.

"Simama wewe, ni mbwa si simba!"

"Si uje usimame wewe basi!"

"Mimi nimevaa suruali mpya!"

Akaja mwingine, naye akaruka. Mwenye maziwa alisimama akisoma dua, na hatua ya mwisho akalia akakimbia. Vijana wa miraa, Wamethodisti na Wakatoliki wasio na haja ya kuosha mara saba, nao waliruka. Miguu yao ilikuwa imezoea kama mbwa alivyozoea. Jioni mwalimu alisema, "Wote mna tabia ileile," na sikusikia akicheka.

Siku ya tatu mzee wa Kulamawe alisema kutoka kwenye kiti chake, "Nileteni mimi."

Binti yake alipinga kwa Kiborana, kwa ukali. Mzee akamjibu kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Mimi sikumwahidi huyo mama kitu. Na huyo mbwa simwoni, nitaogopa nini? Nipe gamubuti, funga karatasi ya nailoni kwenye huu mkono. Maji ya kuosha yapo, udongo upo. Isiolo udongo umekosa?"

Akasimamishwa mahali pale pale alipoangushwa. Nilisimama mbali kidogo, mpini mkononi, na jasho likanitoka. Kama mbwa angemgonga mzee yule mara ya pili, hakungekuwa na mazungumzo tena.

"Mbele," nikasema.

Mbwa alienda moja kwa moja. Mwalimu akasema "simama" kwa sauti kali na mbwa akasimama. Mzee alisema, "Amefika? Nasikia pumzi yake kwenye goti." Mbwa alikaa hapo akingoja. Mzee hakuhama. Sijui tulikaa muda gani. Nilihisi kupitia mpini mwili wa mbwa ukishangaa. Sina neno jingine. Kwa mara ya kwanza tangu afike Isiolo, alikuwa amekutana na mtu asiyehama wala kuanguka.

"Rudi hatua tano," mwalimu akasema.

Tukarudi, tukaenda, akasimama tena. Tukarudi. Mara ya sita, mara ya nane.

"Bado?" mzee akauliza. "Mimi nitaota mizizi hapa, mtanimwagilia maji."

Mara ya kumi na moja, hatua tatu kabla, mpini ulisogea. Ulivuta kushoto, kidogo, kama mtu anayeuliza. Nikaufuata. Mguu wangu ukakanyaga ukingo wa mtaro, na upande wa kulia nikasikia harufu ya kanzu iliyofukizwa ubani, karibu sana, kisha ikawa nyuma yangu.

"Umepita?" mzee akauliza.

"Nimepita."

"Basi mpe chakula chake upesi, kabla hajasahau."

Nilipiga goti nikampa chembe, si tatu, mkono mzima. Nikamshika kichwa. Mwalimu hakunikataza.

Alibaki juma lote. Watu walipoona mzee kipofu ameweza, waliona haya, wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Kila mmoja aliyesimama nilijua amemvunjia mke wangu ahadi kwa sababu nilimwomba. Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulikuwa tunaifumua kazi yake, siku kwa siku, hatua tano nyuma na hatua tano mbele, na mimi ndiye niliyeshika mpini. Mwalimu alipoondoka, mbwa alibaki kwangu.

Asubuhi iliyofuata tulitoka peke yetu. Njia haikuwa tupu. Mbwa alikata kushoto, akakata kulia, akapunguza mwendo, akasubiri, akapenya. Nilichelewa. Nguo za watu zilinigusa, kikapu kilinipiga kiwiko, na mazungumzo hayakukatika nilipofika. Nilipita ndani yake, nikasikia bei ya mbuzi na habari ya harusi. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu njia nzima. Nilielewa kwamba hivi ndivyo barabara hii ilivyokuwa siku zote, na kwamba sikuwahi kutembea juu yake.

Karibu na duka la magurudumu, mahali mke wangu alipokuwa akikaa, mbwa alisimama. Sikumvuta. Nilingoja naye mpaka alipotaka mwenyewe kuondoka. Na tulipoanza kwenda, sauti ya mwanaume mwenye mzigo mgongoni ikanijia usoni, imechoka, haina habari na mimi wala na mke wangu.

"Wee mzee, toka njiani!"

Mpini ukavuta pembeni. Nikampisha.